Walinikalisha Kitini

Nisikilize taratibu, maana jambo hili nalieleza kama ninavyomfundisha mtu kukata kitambaa: kwanza tunapima, mkasi baadaye. Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduma. Mume wangu alishafariki, watoto wako mbali, nami naishi peke yangu kwenye chumba cha kupanga. Nilipoanza kuzimia, sikuogopa sana kufa. Niliogopa kwamba ndugu zangu wakijua, watakuja kunihamisha.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili asubuhi. Wapangaji wenzangu walikuwa wameenda kanisani. Niliinuka kwenye kigoda nilipokuwa nakoroga uji, masikio yakavuma, macho yakaingia giza. Nilipozinduka, shavu langu lilikuwa kwenye sakafu ya saruji na uji ulikuwa umeungua. Niliita. Nilichosikia ni malori tu, yaliyopanga foleni kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yakinguruma na kunyamaza. Nikabaki pale chini nikijiuliza: kama nisingezinduka, nani angekuwa wa kwanza kuuliza niko wapi? Nilimtafuta mtu huyo kichwani, sikumpata. Nikasugua sufuria, sikumwambia mtu.

Mara ya pili ilikuwa hadharani, kwenye kibaraza cha duka ninaposhonea. Nilikuwa nimeinama kupima pindo la gauni la kitenge la mteja kutoka Zambia. Nikasimama. Nikaangukia miguuni pake.

Sauti zilinijia kama zinatoka ndani ya pipa.

"Kifafa hicho, msimguse!"

"Kifafa gani? Mama wa watu amechoka tu!" Huyo alikuwa jirani yangu wa kibarazani, baba mmoja anayebadilisha kwacha, pesa za Zambia. "Leteni kiti. Mtu mzima halazwi chini kama maiti!"

Wakanikalisha. Walinishika mabega huku na huku, shingo wima, wakinipepea. Nikazimia tena pale pale kitini. Walivyoona hivyo, ndivyo walivyozidi kuniinua. Ilikuwa heshima tupu, na heshima hiyo ndiyo ilikuwa inanizamisha.

Nilipelekwa kituo cha afya kwa bodaboda, mimi katikati, yule baba nyuma amenikumbatia kama gunia la mahindi.

"Polepole wewe! Umebeba mama wa watu, si mkaa!" alimfokea dereva.

Niliona aibu. Lakini niliwaza pia kwamba tangu msiba wa mume wangu, hakuna mtu aliyekuwa amenishika kwa muda mrefu namna ile.

Daktari, binti mwenye sauti ya chini, alinipima moyo na damu. Kisha akanipima presha nikiwa nimelala, akanipima tena nimesimama. Ilishuka.

"Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Kikombe cha chai, asubuhi."

"Basi?"

"Choo kiko nyuma kabisa ya soko, mwanangu. Nikienda, cherehani namwachia nani?"

Hakucheka. Alinieleza, nami nakueleza kwa namna yangu. Usipokunywa maji ya kutosha, damu hupungua na presha hushuka. Damu ni kama maji ya bomba la mtaani kwetu. Presha ikiwa ndogo, maji hutoka kwenye bomba la chini, lakini hayapandi kwenye tanki la juu. Kichwa ndicho tanki. Ukimlaza mtu, umeliteremsha tanki, damu inafika. Ukimkalisha, umelipandisha tena.

"Walipaswa kukulaza," alisema. "Aliyezimia si maiti."

Habari hazikai. Kesho yake mdogo wangu alifika kutoka kijijini kwetu Hasamba, viatu bado vina udongo wa shamba.

"Fungasha, dada. Nyumbani kuna chumba, kuna kahawa, kuna watu."

"Na kazi yangu?"

"Kazi! Unataka inzi ndio watupigie simu kwamba umefia humu?"

Alikuwa amesema nililowaza mwenyewe Jumapili ile. "Nipe mpaka mvua zianze," nilimwambia. "Nikianguka tena, nitakuja kwa miguu yangu." Akaondoka bila kunywa chai.

Kunywa maji kulikuwa rahisi. Kuomba ndiko kulikokuwa kugumu. Asubuhi iliyofuata nilizunguka cherehani yangu, nikapangusa pasipo na vumbi, ndipo nikamgeukia yule baba wa kwacha.

"Baba, nikienda chooni, niangalizie mashine."

Alinikazia macho. "Kumbe mama, miaka yote hii ulikuwa unabana?"

"Nilikuwa nabana."

Alicheka mpaka noti zikamtoka mkononi. "Nenda! Hata sasa hivi nenda!"

Mvua zimeanza, na bado niko Tunduma. Sijaanguka tena. Sitakudanganya: jioni chumba changu ni kimya kile kile, na kuna siku naacha redio iongee hata kama siisikilizi. Ila nikichelewa kufika kibarazani, mke wa yule baba huja kugonga mlango. Wote wawili nimewafundisha namna ya kumlaza aliyezimia, mimi mwenyewe nikiwa nimelala mkekani, wao wakiwa wamenishika visigino.

Nawe fanya hivi. Mtu akizimia mbele yako, mlaze chali pale pale chini, utazame kama anapumua. Legeza nguo zinazombana, inua miguu yake juu kuliko kifua. Usimnyweshe kitu mpaka azinduke vizuri. Asipopumua, au asipozinduka upesi, mkimbize hospitali. Akizinduka, mwache apumzike kidogo, kisha umsindikize akapimwe.