Mstari wa Sifuri

Chuoni Nairobi somo langu kuu lilikuwa uchumi, na somo dogo lilikuwa hesabu za bima. Nyumbani, Mji wa Kale, walidhani nafundishwa kuuza bima mlango kwa mlango. Nikawaeleza, na nawe nitakueleza, maana si jambo gumu. Chukua watoto elfu moja waliozaliwa siku moja. Watazame: wangapi wamebaki wakitimiza mwaka mmoja, wangapi wakitimiza miwili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho aende zake. Hilo ndilo jedwali la uhai. Kila mstari ni umri, na wa juu kabisa ni sifuri, yaani wale ambao hawajatimiza mwaka. Ukiweza kuhesabu vidole, hili unaliweza.

Likizo moja, katikati ya miaka ya tisini, mhadhiri alitaka kila mmoja wetu atengeneze jedwali dogo la mtaa wake. Wenzangu walihangaikia daftari za vifo za machifu. Mimi nilikuwa na mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani petu. Nilimbusu mkono, nikaketi naye ukumbini na kalamu.

"Wawataka maiti wangu wote, mwanangu? Chuo gani hiki, chafundisha kunusa kafuri?" Kisha akainama kuitazama karatasi. "Na mie umenitia mstari gani?"

"Wewe bado hujaingia, mama mkubwa."

"Alhamdulillahi. Niache huko huko nje."

Alinitajia kwa siku tatu, na hakumsahau hata mmoja. Miaka hakuijua kwa tarakimu, lakini alijua nani alikuwa kigori wakati nani anaolewa, nami nikajumlisha na kutoa mpaka umri ukapatikana. Nilirudi chuoni nikijiona bingwa.

Karatasi yangu ilirudi na wino mwekundu kando ya mstari wa sifuri, pale nilipoandika kwamba hakufa hata mmoja. "Kwenu watoto wachanga hawafi?" Nilipewa mpaka mwisho wa likizo iliyofuata kulirekebisha jedwali, la sivyo ningeanguka somo lenyewe. Likizo ilipofika nilirudi ukumbini kwa mama mkubwa.

"Mama mkubwa, mbona hukunitajia watoto?"

"Watoto gani? Wewe uliniuliza waliokufa."

"Ndio."

"Kitoto kichanga hakifi. Ni malaika, kimerudi kwao. Nani aandika malaika?"

Hivyo ndivyo walivyoambiwa mama wote wa mtaa wetu, tena wakakatazwa kulia. Nilimbembeleza. Akawahesabu kwa vidole, nyumba kwa nyumba, bila majina, kwa kuwa walikuwa hawakufika siku ya saba, siku ya kupewa jina. Walikuwa kumi. Akaufunga upya mtandio wake ambao haukuwa umelegea.

"Wa kumi na mmoja kamuulize mamako."

Mimi ndiye kifungua mimba wa mama. Tangu utoto wangu ndivyo nilivyoambiwa.

Ningeweza kuandika kumi na mmoja bila kumuuliza mtu, na mhadhiri asingejua. Lakini mstari wa sifuri ulitaka pia umri wa kila mchanga kwa siku, na mimi sasa nilitaka zaidi ya hilo.

Mama alikuwa ameketi kitandani akishona kofia, sindano ikiingia na kutoka kwenye vitobo vidogo. Nilimuuliza polepole. Sindano haikusimama.

"Siku tano," alisema. "Alikuwa mwanamke, ana nywele nyingi. Wakaniambia nisilie, nitamzibia njia. Babako alimpakata mwenyewe kwenda kumzika, kitoto hakitiwi jenezani. Nasi wanawake hatuendi. Mpaka leo mie sijui yuko upande gani."

"Na jina?"

"Tulikuwa tushalichagua. Twaingoja siku ya saba." Akaniangalia. "Ulipokuja wewe, nikaona lisipotee."

Maisha yangu yote nilikuwa nikiitika jina lile. Nilijiuliza ni mara ngapi mama ameniita kula, ameniita kuoga, na moyo wake ukaitikiwa na mwingine.

Aliigeuza kofia akaona mishono imekwenda upande. Akaanza kuifumua, mmoja mmoja.

"Sasa utamuandika wapi?"

Mama alisoma herufi za Kiarabu tu. Nilikishika kidole chake nikakiweka juu ya karatasi. "Hapa, juu kabisa."

"Peke yake?"

"La, mama. Wako kumi na mmoja."

Hakukiondoa kidole. Akaniuliza watoto wa nani, nikamtajia nyumba: ya jirani wa ukuta kwa ukuta, ya mke wa muuza kahawa, na zile nyingine. Wanawake aliokuwa akiwaamkia kila asubuhi. Alitikisa kichwa kwa kila nyumba. Tulipofika ya mwisho, ambayo ilikuwa yetu, alilia.

Mama mkubwa aliingia bila kungoja hodi yake ijibiwe. Alimuona dada yake, akafungua kinywa kumkataza, kama alivyowakataza mama wote kumi na mmoja. Kisha akakifumba. Akapanda kitandani akaketi kando yake, akaitwaa ile kofia mikononi mwake, na akaendelea kuifumua.