Mheshimiwa aliyetuita wavuvi

Leo nimemcheka mheshimiwa mbele za watu. Saa hizi shemeji yangu ni mzima kwa sababu yake.

Mgombea udiwani kaja machimboni kwetu, kashika kipaza sauti: "Ndugu zangu wavuvi..."

Wavuvi wako Nkome, kule ziwani. Sisi tunachimba dhahabu.

Mnanijua, huwa sinyamazi. Nikasimama: "Hujui hata uko wapi. Kura yangu hupati."
Watu wakashika mbavu.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Nimetoka Nkome asubuhi, ulimi umebaki huko."
Nikarudi zangu kazini.

Akaja kwenye duara langu, shimo nililochimba peke yangu futi mia mbili (ulizeni). Akagonga magogo ya ukingo kwa jiwe.

"Mzee, yameoza ndani. Nani yuko chini?"
"Shemeji Masanja."
"Mtoe sasa hivi."

Nikabisha kidogo, kisha nikamwita, akapanda juu. Hajamaliza hata kunawa uso, ukingo ukaporomoka wote.

Fundi wa maduara hapa bado ni mimi, msibishe. Ila mtu kuteleza ulimi siyo kwamba hajui kitu.

Nimpe kura? Semeni nyie. Mke wangu, dada yake Masanja, kasema nisipompa nikale kwingine.