Kompyuta Iliyobebwa Mgongoni

Nilikuwa katika chumba cha intaneti hapa Dilala, nikingoja patron, mwenye chumba, aje awashe printa, pale mama mmoja kijana alipofungua laptop pembeni yangu. Ndani ya laptop hiyo aliwasha kompyuta ya pili, ile isiyo na chuma wala nyaya, inayoishi ndani ya dirisha moja la skrini. Ndiyo anayojifunzia kazi. Laptop ilipata intaneti, ile ya ndani haikupata.

Msimamizi wa chumba akaja, akainama kutazama.

"Mama, hapa tunapokea tu mashini yenye tunajua. Yako naijua. Hii ya ndani siijue. Uifute."

"Siifute, tata."

"Basi ungoje patron."

"Na patron simungoje." Akamgeukia, akajipiga mgongoni kwa kiganja. "Mi nikipanda taximoto na mutoto hapa, mutoto anatafutaka taximoto yake?"

Mama akafungua mipangilio. Kompyuta ya ndani ilikuwa ikijipeleka yenyewe mlangoni pa intaneti kama mgeni. Akaiamuru ipitie kwa laptop, kwa jina la laptop. Mara dirisha likajaa habari.

"Lakini patron hakuruhusu vile," akasema msimamizi, sauti chini.

"Na hakukataza."

Kuanzia Musonoi hadi Mutoshi, kila kizuizi cha barabarani kina mtu wa kutuambia hatujulikani, tungoje mkubwa wake. Nasi tunangoja, tena kwa adabu. Nikaitazama ile printa. Nikainuka, nikaiwasha mwenyewe.