Chaki ya Mwalimu wa Jiografia

Mwalimu wa jiografia hafundishi akiwa mbele. Huzunguka katikati ya madawati akiburuta viatu, na kila anayechangia somo humchorea mstari wa chaki ukingoni mwa dawati. Mistari hiyo ndiyo pointi. Hulda, mgeni kutoka Bukama, hakuwa na hata mmoja, na bila pointi hizo angerudia mwaka. Siku ya mwisho ya masomo mwalimu alimpita taratibu, Hulda akiwa amekazia macho ramani ubaoni, akaenda kusimama dirishani.

"Mto Lualaba njo inapita hapa Kamina," alisema mwalimu.

"Apana, Mwalimu!" Hulda aliruka. "Inapita kwetu Bukama! Mi nilikuwa naoga mule!"

Darasa zima likacheka, Hulda pia. Mwalimu hakubanduka dirishani. Hulda alipoinamisha macho, mstari ulikuwa pale tayari, mweupe, ukimngojea.