Abiria wa Adhuhuri Njia ya Kirongwe

Niliyempakia mchana ule alikuwa mtu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki hakosekani mmoja wa kunikatiza aniambie jua lilinipiga. Haya, lilinipiga. Jua linajua kusema "polepole, mkwe wangu"? Jua linapanda skuta likashika keria? Nisikilize kwanza, ubishi utakuja baadaye.

Skuta yenyewe niliinunua kwa kijana aliyekuwa akifanya kazi hotelini Utende, akahama. Ni kitu kidogo, rangi ya samawati iliyochuja, na kainjini kake kamejificha chini ya kiti cha abiria. Peke yangu ilinibeba vizuri kutoka Kanga, tunakoishi, hadi Kilindoni mjini. Nikimpakia mke wangu Zuhura ndipo vituko vinaanza. Twende au turudi, penye mwinuko ulio kati ya Kirongwe na Kanga, inahema, inahema, mpaka Zuhura anashuka na kunifuata kwa miguu huku ananicheka. Alinicheka hivyo hadi tumbo lilipokuwa kubwa. Siku moja niligeuka nikamwona anapanda polepole, mkono kiunoni, wala hacheki, na mimi nimekaa kitini kama bwana mkubwa. Niliona haya. Pale pale nikaapa kuiongezea skuta nguvu.

Ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao, akajifungulia mikononi mwa mama yake na kukaa huko hadi arubaini iishe. Zuhura hakuwa na wa kumrudia. Mama yake, Bi Rukia wa Kirongwe, alifariki kabla mimi sijaijua njia ya kwao. Sikuwahi kumwona hata kwa picha. Dada yangu anayekaa Kilindoni, karibu na hospitali, alimwita mara nyingi aende akae kwake siku zikikaribia. Zuhura akakataa.

"Nikalale kwa watu? Usiku nikiumwa nimwamshe nani?"

Ukimbana zaidi anaokota ufagio. Na gari la kukodi kwetu Kanga, siku unayolihitaji ndiyo siku linapokuwa limeharibika. Kwa hiyo uchungu ukianza tegemeo letu ni ile skuta isiyoweza kupanda mwinuko na mtu mzito nyuma. Nilikuwa nikilala nawaza hilo, nikiamka nawaza hilo.

Basi nikaagiza silinda kubwa na pistoni yake kutoka Dar, vikaja kwa boti ndani ya boksi la biskuti. Sikuwa nimefungua injini maishani mwangu. Kazi yangu ni kalafati, kama ilivyokuwa ya baba: chombo kikivuja tunasokomeza pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao, tunagonga, maji hayaingii tena. Lakini simu ninayo, video zimejaa, na kijana wa kwenye video anafungua injini huku anatabasamu. Nikasema, huyu kanizidi nini? Nikatandika mkeka uani, nikazipanga nati na bolti kama karanga za kuuza. Zuhura akapita, akatazama, akasema, "Zikibaki nitavaa shingoni."

Hazikubaki. Kilichopungua ni mpira wa kuziba pale bomba la kabureta linapoungana na injini. Ule wa zamani ulinikatikia mkononi. Sasa niambie, fundi kalafati akiona upenyo anafanya nini? Nilichukua pamba, nikaichovya mafuta ya nazi, nikaisokomeza pale kwa patasi yangu ya kazini na kugonga taratibu mpaka ikakaa. Wallahi ilipendeza.

Ilipowaka ilinguruma. Sijavuta mafuta, yenyewe inapiga resi! Nikaruka kwa furaha, nikidhani ndiyo nguvu mpya. Nitajuaje kwamba injini inayonyonya hewa pembeni hukosa petroli ya kutosha, ikapiga kelele na kuchemka kupita kiasi? Fundi wa Kilindoni alinieleza hayo baadaye, huku akijifuta machozi ya kucheka.

Nikatoka kuijaribu. Nilikwenda hadi Kirongwe, nikawa narudi adhuhuri, wakati ule ambao tulipokuwa watoto tulikatazwa kuzurura nje. Watu wamejifungia ndani. Chini ya minazi hakuna hata mbuzi. Nikamwona mama mmoja amesimama kando ya barabara, kanga moja kiunoni na nyingine amejitanda hadi mdomoni, ananyoosha mkono kunisimamisha.

"Shikamoo mama."

Akasafisha koo kidogo. "Marahaba, mkwe wangu. Unakwenda Kanga? Nichukue, nakwenda kwa mwanangu."

Hilo la mkwe halikunishangaza. Wamama wetu wakimwona kijana mwenye chombo cha moto, wote wana binti wa kumwoza. Nikacheka, nikamwambia apande. Alikaa upande upande, kwa heshima, na badala ya kunishika kiuno akaipeleka mikono nyuma akashika keria. Nikamwambia anishike mimi, njia ina mashimo. Akasema, "Mkwe hashikwi. Twende tu."

Tukaenda. Tukaufikia ule mwinuko, nami nimejiandaa kwa aibu yangu ya siku zote. Skuta ikapanda! Haikuhema, haikulalamika, kana kwamba niko peke yangu. Nilijisikia fundi mkubwa, nikataka kumpigia mtu simu. Nikamwuliza yule mama kama ameona mambo. Akasafisha koo tena, akaniuliza, "Mkeo amekaribia?"

Nikasema ndiyo. Amejuaje? Lakini kisiwa chetu hiki cha Mafia nani hajui mke wa nani ana mimba?

"Analalia ubavu gani?"

"Wa kushoto."

"Vyema. Ndoo asinyanyue. Ana hofu?"

"Hasemi, mama."

"Mchana hatasema. Muulize taa ikizimwa, hapo atakwambia. Polepole, mkwe wangu, unaikimbiza sana."

Niamini, sauti yake haikuwa na chochote cha kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka na safari, anayefurahi kwamba karibu atafika. Mimi mwenyewe mama yangu yuko hai na hajawahi kuniuliza mambo kwa upole namna ile. Nilipunguza mwendo ili mazungumzo yasiishe haraka.

Tulipofika penye minazi mingi, mahali pasipo nyumba, akasema, "Simama. Pana pamba inaungua."

Nikamwambia ni upya wa injini, vyuma vinazoeana. Mbele nilikuwa napigwa na upepo, sisikii harufu yoyote. Yeye ndiye aliyekaa juu ya injini.

"Simama, mkwe!"

Nikasimama. Nikashuka nikidhani yeye ameshashuka, nikainama kuchungulia pembeni, na kalafati yangu nzuri inawaka. Petroli imeilowesha, moto umeishika, na tangi la mafuta liko shibiri tu kutoka pale. Ningeendelea kidogo tu, leo kisa hiki kingesimuliwa na mwingine. Nikaanza kutupa mchanga kwa mikono miwili, nikavua shati, nikapiga, nikamwagia maji ya chupa niliyokuwa nayo. Muda wote nimempa yule mama mgongo. Moto ulipozimika nikasema, "Mama, umeniokoa," nikageuka.

Hakuna mtu.

Barabara pale imenyooka. Chini ya minazi pamefyekwa, unaona hadi mbali. Nikaita. Nikazunguka nyuma ya vigogo kama mpumbavu, kana kwamba mama wa makamo angecheza na mimi mchezo wa kujificha. Kisha nikakumbuka kitu: aliposhuka skuta haikutikisika. Mtu akishuka kwenye skuta, dereva anajua. Mimi sikujua.

Niliikokota hadi Kirongwe, gari la nazi likanibeba mimi na skuta yangu hadi kwa yule fundi wa Kilindoni. Akatia mpira mpya, akabadili jeti, ile njia nyembamba ya kupitishia petroli, ili silinda kubwa ipate chakula chake. Ikatulia, ikawa inawaka kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa. Nilirudi nyumbani jua linazama, nikamwambia Zuhura apande tuzunguke kidogo. Alipokaa tu, matairi yakabonyea, sauti ikashuka, injini ikaanza kufanya kazi. Ilivuta vizuri, sikatai, nguvu ilikuwa imeongezeka kweli. Lakini ilimhisi. Injini yoyote, uiongeze unavyotaka, humhisi mtu akiikalia. Yule mama haikumhisi hata kidogo.

Usiku, taa ilipozimwa, nilimweleza Zuhura. Nilidhani atanicheka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama yule mama alikuwa akisafisha koo kila kabla ya kusema. Nikasema ndiyo. Akaniuliza alishika wapi. Nikasema keria, alikataa kunigusa, anasema mkwe hashikwi.

Akakaa kitandani.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Kwa mwanawe. Huku huku Kanga."

Nikasikia pumzi yake imebadilika. "Huyo ni mama yangu," akasema. "Kwa nini hukumleta?"

"Zuhura, moto ulikuwa unawaka."

"Umezima moto wa skuta, ukamwacha mama yangu njiani."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Alilia mpaka mto ukalowa, nami nimekaa pembeni sijui mkono wangu niuweke wapi. Nilitamani nitoke kwa miguu nikamtafute. Nilikumbuka niliyoambiwa, nikamwuliza anaogopa nini. Akasema, gizani, kwamba haogopi uchungu. Anaogopa kuamka nao peke yake, ndani ya nyumba ya watu, akajilaza kimya kwa aibu ya kusumbua mpaka mtoto aharibike. Siku zote zile nilikuwa nahangaika na pistoni, na jambo lenyewe lilikuwa hilo.

Kulipokucha akafunga nguo zake kwenye mfuko. "Nipeleke Kilindoni," akasema. "Ila tusimame pale."

Sikuhitaji kumwonyesha mahali; mchanga niliotupa ulikuwa bado umetapakaa barabarani. Nilizima injini. Zuhura akashuka, akasimama na tumbo lake kubwa akitazama minazini. Nilidhani ataomba dua, nami nikainua mikono yangu tayari. Akasema tu, kwa sauti ya mtoto anayeita jikoni, "Mama, twende."

Akarudi akapanda. Lakini alikaa mbele sana, amenibana hata usukani unanigusa kifuani, na nyuma yake akaacha nafasi kwenye kiti. Sikuuliza. Nikawasha, nikaenda polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maishani.

Sasa hapa ndipo watu wananikatalia, na mimi sina la kuwapa zaidi ya kiapo changu. Baada ya kitambo kidogo mgongo wangu ukawa mwepesi. Zuhura hakuwa ameniegemea tena. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni, nikidhani anaanguka. Amelala. Amelala usingizi, mdomo wazi kidogo, kichwa na mabega ameyaegemeza nyuma. Ile skuta haina kiegemeo. Nyuma yake kulikuwa na nafasi aliyoiacha, kisha keria, kisha barabara. Alilala hivyo njia nzima, kwenye mashimo na kwenye mchanga, hakuyumba. Mimi niliendesha nalia.

Alikaa kwa dada yangu hadi siku yake. Dada ananiambia usiku uchungu ulipoanza, aliamka mwenyewe kwenda msalani akamkuta Zuhura amekaa ukumbini, ameshavaa, mfuko mapajani. "Mbona hukuniita?" Zuhura akasema, "Nimeambiwa nivae kwanza, wewe unakuja." Dada akauliza ni nani aliyemwambia. Zuhura akainuka na mfuko wake, wakatoka kwenda hospitali. Mtoto alizaliwa salama, msichana, ana sauti kubwa kuliko ya skuta.

Tangu hapo Zuhura amebadilika. Anacheka tena. Hazungumzii mambo yale na mtu, hata na mimi ni kwa nadra. Lakini iko siku, yuko anamnyonyesha mtoto na dunia yote imetulia, atanitazama na kuniuliza taratibu, "Alikuwa amevaa kanga gani?" Nami sijui. Nilimwangalia kwa haraka, nikageukia injini yangu. Nimemfahamu mkwe wangu kwa sauti tu, na mke wangu ananidai sura yake ya siku ile, wala sina pa kuitafuta.

Kwa hiyo nikuonye, wewe unayejifunza kufungua mashine na unayepita njia ile adhuhuri. Kwanza, penye mpira tia mpira, pamba tuachie sisi wa pwani. Pili, ukisimamishwa na mama, mchukue, na usimwache nyuma ya mgongo wako hata dakika moja. Yupo anayemngoja. Na moto ukiwaka, zima, lakini zima kwa mkono mmoja. Wa pili shika upindo wa kanga yake usiuachie, hata kama ni mkweo.