Nilivyomsahihisha Maman

Mwaka wangu wa pili Brussels nilikuwa nasomea ukalimani, nikiishi mtaa wa Ixelles kwenye nyumba yenye jiko la pamoja. Jirani yangu alikuwa mama wa Kireno, aliyefanya usafi maofisini asubuhi na kujifunza Kiingereza mchana. Siku moja alinijia na kamusi, kidole kikiwa juu ya neno.

“Hili hata sisi tunalo,” akasema.

Kwa Kiingereza ni solecism, kwa Kireno solecismo. Ni kosa la sarufi, na pia ni kosa la mtu anayevunja adabu mbele za watu. Akaniuliza sisi tunasemaje. Nikamjibu kwamba tuna maneno mawili, kwa kuwa hayo ni mambo mawili. Nilisema kwa majivuno kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga, na Kiswahili changu nilikivaa kama nguo ya Idi.

Jumamosi nikaenda kusuka Matonge, kwenye maduka ya Wakongo hapo hapo Ixelles. Msusi wangu, maman mmoja wa Bukavu, alikuwa na furaha siku hiyo. Aliwatangazia wateja wote: “Mutoto yangu iko na dix-huit ans, na bamemupokea ku université.” Miaka kumi na minane, na tayari chuo kikuu.

Nami, kichwa kikiwa mikononi mwake, nikasema, “Ni ‘mtoto wangu ana’, maman. Siyo ‘yangu iko’.”

Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea. Alipomaliza alisema tu “Bon,” akamgeukia mteja mwingine.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu. Mtu kapata habari njema, na mimi badala ya kumpa hongera nikamkagua mdomo. Nilipomsimulia jirani, hakucheka.

“Sasa unajua kwa nini neno letu ni moja,” akasema, akanipakulia supu ya kabichi.

Jumanne asubuhi nilirudi saluni kabla wateja hawajaingia.

“Shikamoo, maman. Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea.”

“Ulikosea nani? Kiswahili ao mimi?”

“Wewe, maman. Na hongera ya mtoto.”

Akanivutia kiti. “Alors, kaa. Utaniandikia barua.”

Dada yake alikuwa Kigoma, alikokimbilia wakati wa vita, na habari ya mtoto ilikuwa haijamfikia. Maman alitamka huku akichana nywele za bandia, mimi nikaandika. Tulipofika kwenye “mutoto yangu”, kalamu ilisita. Akaona.

“Andika vile nasema. Ukitengeneza sana, atazania ni muntu ingine.”

Nikaandika vilevile. Kufikia ukurasa wa pili nilikuwa nimeacha kusita, tena nilikuwa namwomba arudie maneno fulani kwa sababu tu yalinipendeza.

Majibu yalichukua miezi miwili. Maman alinipa niyasome kwa sauti mbele ya saluni nzima. Dada mtu alijaza kurasa nne, na nusu yake ilikuwa utani juu ya maman alivyokuwa mvivu shuleni. Nilisoma kila neno kama lilivyoandikwa, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa taulo la mteja.