Sebule Iliyopigwa Skrubu

Iko siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na si siku niliyofungua duka hili wala siku niliyopata kazi kubwa. Ni siku niliyovunja kazi ya mikono yangu mwenyewe mbele ya watu waliokuja kuzika. Keti hapo kwenye mabunda ya vitambaa, na hiyo simu iweke kando kidogo. Jana ulinionyesha mchoro wa nyumba ya mteja wako wa kwanza, yule anayefanya kazi kule Mtumba kwenye ofisi za serikali, nikakwambia nitauangalia. Nimeuangalia, ndiyo maana nimekuita.

Mimi mama yako mkubwa nimechoka. Nakwambia mapema, usije ukadhani nakusema kwa hasira. Hasira inataka nguvu, na zangu zimeishia kwenye ngazi, kupanda na kushuka nikitundika mapazia ya watu. Magoti yananiuma, tundu la sindano silioni tena, na vumbi la Dodoma nililovuta kifuani lingetosha kufyatua tofali. Kazi hii ya kupamba nyumba watu huiona nyepesi kwa sababu wanaona mito na taa. Hawamwoni mteja anayebadili mawazo fundi akishachanganya rangi, wala bosi anayehamishiwa mkoa mwingine huku mapazia yake yako mezani yamekatwa. Duka nakuachia wewe, mtoto wa mdogo wangu, uliyetoka kijijini kwetu Busi na begi moja na ukaweza kukaa na mimi na domo langu hili. Kwa hiyo nisikilize kabla sijaenda kupumzika.

Wakati huo nilikuwa binti, nimerudi kutoka Dar es Salaam nilikojifunza kwa fundi mmoja wa sofa na mapazia. Nilirudi na kichwa kikubwa. Mji wetu ulikuwa bado mdogo. Wabunge wakija kwenye vikao barabara zinachangamka, wakiondoka tunabaki na upepo wetu. Nikapanga chumba na kibaraza pale mtaa wa Kikuyu, nikaandika kwenye ubao kwamba napamba majumba. Watu walipita wakasoma, wakacheka, wakaenda zao. Nyumba zao zilikuwa na viti vya mbao na vitambaa vya kufuma kwa mkono, na wenyewe waliona zimependeza tayari.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Mzee Ndahani. Alikuwa Mgogo mnene, mwenye bucha, mwenye sauti inayosikika mtaa wa pili. Alikuwa akianza kusalimu “Mbukwenyi!” kabla hajafika mlangoni, na wote tuliokuwa karibu tukaitika hata kama hakutusalimu sisi. Alikuwa amekwenda hotelini kuonana na mbunge wao, akaona sebule ya pale, na tangu siku hiyo ya kwake haikumfurahisha tena. Lakini alikuwa na jambo lingine lililomkera zaidi. Sofa zake zilikuwa zikiazimwa. Harusi ikitokea mtaani, bwana na bibi harusi wanakalishwa kwenye sofa za Mzee Ndahani. Askofu akija kanisani kwao, sofa za Mzee Ndahani. Zikirudi, moja imeng'oka mguu, nyingine imemwagiwa soda.

“Binti,” aliniambia, “nitengenezee sebule ambayo hata aje jini hawezi kuihamisha.”

Mimi nilivyokuwa na hamu ya kujionyesha, nikalichukua neno lake kama lilivyo. Nilijenga sofa za mninga zikazunguka kuta, nikazipiga skrubu ukutani na sakafuni. Katikati nikajenga meza ya saruji nikaivika marumaru. Karibu na mlango nikasimamisha kizuizi cha mbao chenye rafu za maua ya plastiki, ili mgeni asione ndani yote kwa mara moja. Ilipendeza, mwanangu, sikufichi. Hata leo naweza kukwambia ilipendeza.

Mkewe, Mama Nyemo, alikuwa mwanamke mkimya mwenye mwendo wa polepole. Nilimfuata jikoni nikamuuliza anapenda mito ya rangi gani. Akasema yoyote tu. Nikamuuliza mapazia je. Akasema yoyote. Nikaona huyu mama wa watu hana makuu, kazi itakwenda haraka. Siku ya mwisho alikuja amekumbatia mikeka yake, akaniuliza sasa hii ataiweka wapi. Nikacheka. “Mama, mikeka ya nini tena na chini kuna marumaru? Igawe.” Akaniangalia kidogo, akageuka. Mikeka akaigawa kweli, maana mumewe naye alikuwa amesimama pale anatabasamu.

Mzee Ndahani aliitembeza sebule ile kwa mji mzima. Oda zikaanza kuja. Nikaajiri fundi, nikanunua cherehani ya pili, nikaanza kutembea nimeinua kidevu.

Kisha mzee akafariki. Ulikuwa msimu wa upepo, alikwenda mnadani kununua ng'ombe akarudi anashika kifua, na asubuhi tukasikia vilio. Nilijifunga kanga nikaenda, maana jirani ni jirani, uwe Mrangi Mwislamu au Mgogo wa Anglikana, msiba ni wa wote. Nilikuta turubai limefungwa uani na wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Wanawake walikuwa wamebanana kwenye korido, wengine wamekaa mlangoni mwa choo. Sikuelewa mara moja. Mama Nyemo mwenyewe alikuwa amekalishwa kwenye korido hiyo, miguu ameikunja ili watu wapite, na kila anayepita kwenda jikoni alimruka.

Wewe unajua msiba wetu ulivyo. Mtu akifa, sebule inatolewa vyote, viti nje, meza nje, inatandikwa mikeka, mfiwa anakaa chini na wenzake wanamzunguka. Kwa wenzetu Wakristo mwili ukitoka hospitali unaletwa pale ndani, mke akae nao kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda kanisani. Sebule niliyoijenga mimi haikutoka kitu. Waliketi wachache juu ya sofa, magoti yao yakigusa saruji, na kukaa juu ya kiti mbele ya mjane aliye chini ni aibu, kwa hiyo hata hao waliinuka.

Gari likafika na mwili. Vijana wa ukoo wakabeba jeneza, wakapanda ngazi ya baraza, wakaingia mlangoni, wakakutana na kizuizi changu cha mbao. Wakajaribu upande huu, wakajaribu ule. Mmoja akasema waliinamishe. Hapo mdogo wake marehemu, mzee mrefu aliyetoka kijijini, akanyoosha mkono.

“Wekeni chini,” alisema. “Kaka yangu hainamishwi kama gunia.”

Wakalirudisha barazani, wakaliweka juu ya mabenchi, upepo unapiga na vumbi linatua juu ya maua. Kule ndani Mama Nyemo akaanza kuuliza kwa sauti ndogo, “Mbona hawamwingizi? Mbona mume wangu yuko nje?” Mimi nilisimama nyuma ya wanawake, natamani ardhi inimeze. Yule mzee akauliza ni nani aliyetengeneza humu ndani. Watu hawakunitaja, walinigeukia tu.

Sikujitetea. Ningejitetea na nini? Nikasema ni mimi, naomba kifaa nibomoe. Nyundo haikuwepo wala tindo. Mitaimbo yote ilikuwa makaburini, maana udongo wetu huu mkavu hauchimbiki kwa jembe. Kijana akatumwa mbio, akarudi na mtaimbo wenye udongo mbichi wa kaburi la Mzee Ndahani. Ndio nilioshika.

Nilianza na kizuizi, kikaanguka na maua yake. Nikaenda kwenye sofa. Skrubu nilizikaza mwenyewe kwa ujinga wangu wote, hazikutoka, ikabidi nipasue mninga. Vijana wawili wakanisaidia kuvunja meza. Kila pigo lilisikika nyumba nzima. Nikasikia wanawake wa kwaya wameanza kuimba pale kwenye korido, kwa sauti kubwa kuliko kawaida ya msiba, na ilinichukua muda kutambua kwamba wanaimba ili mjane asisikie. Nililia huku napiga mtaimbo. Jasho, machozi, unga wa saruji, vyote vilinichanganyikia usoni.

Tukafagia. Mikeka ikaazimwa kwa majirani, na mmoja wao aliutandika mkeka ambao Mama Nyemo mwenyewe alikuwa amempa. Jeneza likaingia limenyooka. Mama Nyemo akaletwa, akakaa chini, akaweka kiganja juu ya mbao akakaa hivyo. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye vipande vya sponji.

Baada ya matanga nilikwenda kumtaka radhi. Nilimkuta anachambua mlenda. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea na kazi yake. Nikaongea weee, mpaka maneno yakaniishia. Ndipo akasema.

“Uliniuliza rangi, nikakwambia yoyote. Wewe ukadhani sina la kusema. Mimi, mwanangu, rangi si kitu kwangu. Ungeniuliza tukijaa humu ndani tunakaa wapi, ningekuelezea mpaka jioni.”

Basi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nilirekebisha kuta na sakafu kwa gharama yangu, cherehani ile ya pili ikauzwa, fundi wangu akaenda kutafuta pengine. Marumaru za aina ile hazikupatikana tena, nikaziba kwa za rangi nyingine, na sakafu ikabaki na kiraka. Mama Nyemo alisema hana kinyongo na mimi, na naamini alisema kweli, lakini hakuniita tena mpaka leo. Mtaani nikaitwa Mama Mtaimbo. Watoto waliniimbia nikipita. Nilikaa muda mrefu nashona sare za shule tu, maana nani angeniita ndani kwake?

Nimekuchosha, najua, na mimi nimejichosha. Ila kila siku unaniuliza faida ya kazi hii iko wapi, na mimi nakuzungusha. Leo nakujibu. Faida haiko kwenye mninga wala kwenye taa za bei mbaya. Faida yetu huliwa na kurudia kazi. Ukitengeneza mara moja kikakaa, umepata. Ukirudi kubomoa, ulichopata umekirudisha, na cha mfukoni umeongeza juu. Na kinachoturudisha kubomoa mara nyingi si ufundi mbovu. Ni kwamba hatukujua watu wanaishije mle ndani.

Sasa tazama mchoro wako. Umeweka sofa za kujengea ukutani na kabati linalofika darini, umetoa kwenye simu, na ni kazi nzuri, mkono wako mwepesi kuliko wangu ulivyokuwa. Lakini mteja huyo uliniambia anaishi na mama yake mzee na wadogo zake wanaosoma. Umeongea na yeye ofisini kwake, mkaelewana. Huyo mama umemuuliza nini? Akiswali anaswalia wapi? Wageni wakija kutoka kijijini wanalala wapi? Na siku kukiwa na jambo, la furaha au la kulia, hivyo viti vitapita mlango upi?

Usione haya kuuliza juu ya kifo, lakini usikitaje. Sema tu, “Mkijaa.” Kila mtu atakuelewa. Bei ya ufundi wako itaje wazi, usijifiche kwenye cha juu anachokupa mwenye duka la vitambaa kwa kumpelekea mteja, maana mteja akikigundua hata ukweli wako hatauamini. Mwenye pesa akitoa amri kwa hasira, kama Mzee Ndahani na sofa zake za kuazimwa, mwache hasira zimshuke kwanza ndipo upime. Na yule anayesema “yoyote tu”, mwanangu, huyo ndiye wa kukaa naye. Vuta kigoda, msaidie kuchambua mboga.

Kesho usiende na futi. Nenda mikono mitupu, mwamkie mama wa watu shikamoo, kaa, uombe maji ya kunywa. Angalia nani anakuletea, na amepitia wapi.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona watu kabla ya kuta. Akujaalie wateja wasemao kweli, magoti yanayodumu kuliko haya yangu, na riziki isiyokulazimu kurudi kubomoa. Na kila nyumba utakayoitia mkono, siku wenyewe watakapolia, wapate pa kukaa.